Afadhali Angebaki Ubelgiji?

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno tangu Aprili 2025, alipokamatwa kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, hadi sasa naimalizia moyoni kabla msemaji hajafika mwisho: "Na yeye Lissu, si angebaki tu huko huko Ubelgiji." Wanaompenda huitamka kwa uchungu, wasiompenda kwa kejeli, na wasiotaka habari za siasa huitamka kama wanavyomsema dereva aliyelazimisha basi lipite kwenye mto uliofurika. Mara ya mwisho ilikuwa kijiweni, vikombe vya kahawa na kashata mezani, mzee mmoja akiisema huku anasogeza kete yake ya drafti bila haraka. Mtu kamiminiwa risasi, Mungu kamnusuru, Wazungu wamemshona, kapata pa kulala pasipo mgambo wala polisi, halafu anapanda ndege kurudi. Kurudi kufuata nini? Wenzake waliguna. Mimi nilinyamaza, maana jibu lililonijia lilikuwa refu kuliko mchezo uliokuwa umebaki.

Jibu lenyewe ni hili. Sentensi ile inauchukulia uhamisho kama ghala: mwanasiasa anahifadhiwa mahali pakavu, thamani yake haipungui, na siku mvua ikikatika anatolewa akiwa mzima. Naamini huko ni kutoelewa uhamisho unafanya kazi gani chini ya utawala wa mabavu, hasa kwa mpinzani wa kiraia asiye na jeshi nyuma yake. Kwa mtu wa aina hiyo uhamisho ni sehemu ya adhabu, na masharti yake yanashikwa na dola iliyomfukuza: lini aondoke, lini arudi, na akiwa huko aitwe nani. Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba mwili wake usionekane nchini. Sauti anaachiwa. Tundu Lissu alirudi Januari 2023 baada ya kuujaribu upande huo mara mbili, akijua unampa nini na unamnyima nini, na yaliyomkuta baadaye hayathibitishi kwamba alikosea hesabu.

Turudi nyuma kidogo, maana watu wanachanganya mpangilio wa mambo. Septemba 7, 2017, Lissu alikuwa mbunge wa Singida Mashariki, mnadhimu wa kambi ya upinzani bungeni na rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Alipigwa risasi mchana kweupe akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake Area D, Dodoma, akitoka kwenye kikao cha Bunge. Risasi 16 zilimwingia. Usiku ule ule akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, na Januari 2018 akahamishiwa Leuven, Ubelgiji, kwa upasuaji mmoja baada ya mwingine. Juni 2019, akiwa bado huko, Spika Job Ndugai akatangaza kuwa kiti chake kiko wazi, kwa sababu mbunge hakuhudhuria vikao bila kumtaarifu Spika aliko, na hakuwasilisha tamko la mali na madeni. Nchi nzima ilijua aliko. Hata wauza magazeti stendi walijua ni chumba cha hospitali gani kinachozungumzwa. Lakini asiyekuwapo na lake halipo, na siku ile methali hiyo ilipata nguvu ya kanuni za Bunge.

Akarudi Julai 27, 2020, akagombea urais, akatangaziwa asilimia 13 dhidi ya asilimia 84 za John Magufuli, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa. Wito wa maandamano ulififia baada ya viongozi wenzake kukamatwa. Yeye akajihifadhi kwa balozi wa Ujerumani, na Novemba 10 akaondoka nchini akisindikizwa na wanadiplomasia. Uhamisho wake wa kwanza ulikuwa wa hospitali. Huu wa pili ulikuwa wa siasa tupu, na ulimkuta katika mji mdogo wa Tienen, mwendo mfupi kutoka Leuven, ambako aliishi miaka miwili na ushei. Magufuli akafariki Machi 17, 2021. Rais Samia Suluhu Hassan akakutana naye Brussels Februari 2022, mikutano ya hadhara iliyokuwa imezuiwa tangu 2016 ikaruhusiwa tena Januari 3, 2023, na Januari 25 Lissu akatua Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye akamshinda Freeman Mbowe uenyekiti wa chama chao cha upinzani, Chadema, kwa kura 513 dhidi ya 482. Aprili 9, 2025 akakamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, katika kampeni ya chama ya kutaka mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi kwanza na uchaguzi baadaye. Kesho yake akasomewa shitaka la uhaini, lisilo na dhamana na ambalo adhabu yake ni kifo. Siku mbili baadaye Tume ya uchaguzi ikasema Chadema haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikutia saini kanuni za maadili.

Sasa tujiulize kwa haki: katika ile miaka ya Tienen, serikali ilipungukiwa na nini? Lissu alikuwa anasema kila wiki. Alikuwa kwenye Zoom, kwenye YouTube, kwenye mijadala ya mtandaoni inayokwenda hadi usiku wa manane, na alisema maneno makali kuliko mengi aliyoyasema Mbinga. Hakuna aliyemfungulia kesi ya uhaini. Haikuwa lazima. Aliyekuwa anaisumbua dola wakati ule ni Mbowe, aliyekamatwa Mwanza Julai 2021 kwa sababu chama chake kilitaka kufanya kongamano la Katiba ukumbini, akafunguliwa kesi ya ugaidi na kukaa rumande hadi Machi 4, 2022. Siku aliyotoka ndiyo siku aliyopelekwa Ikulu kuzungumza. Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna kinachopingana na hoja yangu: kule Brussels, wiki chache kabla, Lissu alimweleza Rais suala la Mbowe, na huenda lilisaidia. Uhamisho unampa mtu mlango mmoja ambao mfungwa hana, ule wa kuonana na wakubwa nje ya nchi, mbele ya kamera za watu wengine. Lakini tazama picha ile ilimfaa nani. Serikali ilipata ushahidi wa maridhiano, moja ya zile R nne anazozihubiri Rais Samia, bila kumruhusu mtu yeyote asimame jukwaani. Mikutano ilibaki imezuiwa kwa karibu mwaka mzima zaidi.

Jambo lililonifumbua macho zaidi lilitokea baada ya kukamatwa, na halikuzungumzwa kwa uzito wake. Aprili 24, 2025, kesi ilipangwa kusikilizwa kwa njia tunayoiita mahakama mtandao: mshtakiwa anakaa mbele ya kamera gerezani, hakimu yuko mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, wanaonana kwenye skrini. Nje ya mahakama polisi walikuwa wanawatawanya na kuwakamata wafuasi. Lissu akakataa kwenda mbele ya kamera. Wengi walidhani ni ubishi wa kiwakili, na kweli mtu huyu anapenda ubishi wa kiwakili kuliko chakula. Mimi naona alikuwa ameitambua Tienen. Mtu aliyeishi miaka miwili ndani ya fremu ya simu za watu anajua fremu inakufanya nini: unaonekana, unasikika, ukizimwa huachi hata harufu. Dola ilikuwa inamrudisha kwenye uhamisho ule ule, safari hii bila tiketi ya ndege. Mei 19 alifikishwa Kisutu mwenyewe, kwa miguu yake, na ukubwa wa siku ile ulionekana kwa namna serikali ilivyohangaika kuwazuia wageni wasiione. Martha Karua, mwanasiasa na wakili wa Kenya, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam siku moja kabla, na Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Willy Mutunga, naye akazuiwa. Hakuna serikali inayomfukuza Karua kwa sababu ya mkutano wa Zoom.

Wapo watakaosema historia ya ukanda wetu inanipinga, kwamba wakimbizi wa siasa wamewahi kurudi na kutawala. Wamewahi, tena wengi. Milton Obote alikaa Dar es Salaam tangu Idi Amin ampindue mwaka 1971, akarudi Uganda Mei 1980, akawa rais tena. Yoweri Museveni alikimbilia Tanzania mwaka ule ule, akafundisha Moshi, akajenga kikundi chake cha FRONASA. Wanyarwanda waliokulia kambi za Uganda waliingia kwao Oktoba 1990. Laurent Kabila alikaa miaka akienda na kurudi kati ya ziwa Tanganyika na Dar es Salaam kabla ya kufika Kinshasa mwaka 1997. Ila tusidanganyane kuhusu kilichowarudisha. Obote na Museveni waliingia nyuma ya vifaru vya JWTZ. Wale wengine walikuwa na bunduki na jirani aliyewapa njia. Uhamisho uliofanikiwa huku kwetu ulikuwa kambi ya kijeshi yenye mwenyeji, na waliorudi nao wengi walitawala kama makamanda. Mpinzani anayetaka kuingia Ikulu kwa kura hana ghala la namna hiyo. Anacho chama, na chama cha siasa Tanzania ni matawi, misingi, kadi, mwenyekiti wa kata mwenye pikipiki isiyo na mafuta. Vitu hivyo haviendeshwi kwa muda mrefu kutoka mbali.

Anayetaka mfano wa mhamishwa wa kiraia hapa nyumbani amtazame Oscar Kambona. Katibu mkuu wa TANU, waziri, mtu aliyekwenda kuzungumza na askari walioasi Januari 1964 wakati Nyerere amefichwa. Baada ya Azimio la Arusha aliondoka, mwaka 1967, akaenda London. Katika kesi ya uhaini ya 1970, iliyomtia hatiani Bibi Titi Mohamed, Kambona alitajwa kama mkuu wa njama hali kizimbani hayupo. Aliandika, alilalamika, alitoa tuhuma. Aliporudi mwaka 1992, vyama vingi vikiwa vimeruhusiwa, nusu ya waliomsikiliza walikuwa hawajazaliwa alipoondoka. Robo karne ilikuwa imekwisha kumla, na hakuna aliyelazimika kumfunga.

Linganisha na Raila Odinga. Oktoba 1991 alivuka ziwa kwa siri hadi Uganda, akafika Norway. Desemba Moi akakubali kufuta kifungu cha 2A kilichoifanya KANU chama pekee, na Februari 1992 Raila alikuwa amesharudi Kenya. Au linganisha na Wapemba waliokimbilia Shimoni baada ya mauaji ya Januari 2001, zaidi ya watu 2,000 waliovuka kwa majahazi na ngalawa. Kuwepo kwao Kenya kuliitia Tanzania aibu ambayo haijawahi kuijua, nchi ya kupokea wakimbizi sasa inazalisha wake, na Oktoba mwaka ule ule chama tawala CCM na CUF ya upinzani wakatia saini makubaliano yaliyoitwa Muafaka. Uhamisho huo ulikuwa wa miezi, na chama kilibaki nyumbani na matawi yake. Muda ndio kila kitu hapa. Miezi minne inaweza kuwa mbinu. Miaka minne ni makazi.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni ile ya ukibaraka: kwamba aliyelala Ulaya ametumwa na Ulaya, mabeberu wamemlisha na mabeberu wanamtuma. Sijui wanaoisema katika mji wa Morogoro huwa wanapita wapi. Pale Mazimbu, ndani ya mji wao, palikuwa na shule ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na fedha za kuijenga zilitoka sehemu nyingi za dunia zikiwemo nchi za Ulaya. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na ofisi yake hapa tangu 1963. Makaburu wa Pretoria na Wareno wa Lisbon walisema maneno haya haya juu ya wageni wetu, kwamba ni vibaraka wa nchi za nje wanaokula fedha za watu, ila kwao bwana alikuwa Moscow. Tuliwacheka. Na Lissu mwenyewe hakwenda Ubelgiji kutafuta bwana, alikwenda kutolewa risasi ambazo hadi leo polisi wa nchi yake hawajamwambia nani alizifyatua. Bunge lake lilikataa hata kumlipia matibabu, kwa hoja kwamba hakufuata utaratibu wa kupitia Muhimbili. Mtu yuko mahututi usiku, utaratibu unamsubiri asubuhi.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa vijana, nami naiheshimu. Wanasema: wewe mzee bado unafikiria siasa ya jukwaa na kipaza sauti. Oktoba 29, 2025, watu waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya wakati Lissu yuko gerezani, Chadema haipo kwenye karatasi ya kura, na mwito mkubwa ulitoka kwa watu walioko ng'ambo, akiwemo Mange Kimambi aliyeko Marekani. Kwa hiyo sauti ya mbali inaweza. Kweli, inaweza kuwasha. Lakini tazama siku ilivyokwenda. Intaneti ilizimwa siku ile ile na ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. Mtandao wa X ulikuwa umeshafungiwa tangu Mei. Saa zile ambazo watu walihitaji zaidi mtu wa kuwaambia songeni, simameni, rudini, kaeni na waliojeruhiwa, sauti zote za ng'ambo zilikatika kwa swichi moja. Hapakuwa na kiongozi wa kata anayewajua polisi wa kata, wala mtu yeyote mwenye mamlaka ya kujadiliana kwa niaba ya waliokuwa barabarani. Palikuwa na amri ya kutotoka usiku, na risasi. Idadi ya waliokufa bado inabishaniwa, na Rais Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Sauti ya mbali iliwafikisha watu barabarani na haikuweza kubaki nao.

Ndiyo maana ule upande wa pili wa mzani unanisumbua, na sitajifanya hausumbui. Kama Lissu angekuwa nje, huru, je, asingeweza kufanya chochote Oktoba ile? Kiongozi anayerudi akijua atakamatwa anawaachia wafuasi wake pengo siku atakayokamatwa, na pengo hilo wanalijaza watu wa miaka 19 kwa miili yao. Alexei Navalny, mpinzani wa Urusi, alirudi Moscow Januari 2021 na kufa gerezani Februari 2024. Urusi iliendelea na shughuli zake. Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda aliyekuwa daktari wa Museveni msituni, alikimbia mwaka 2001, akarudi Oktoba 26, 2005, akakamatwa Novemba 14 kwa uhaini, akateuliwa kugombea urais akiwa kizuizini, akapewa asilimia 37. Ndio mwaka wake bora kuliko yote, na Museveni bado yuko Ikulu. Kurudi hakuna dhamana ya ushindi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kunailazimisha dola ifanye kazi yake chafu nyumbani, kwa jina lake, mbele ya hakimu, shahidi na hati ya mashitaka. Kwa Lissu wa Tienen hakuna kilichohitajika. Kwa Lissu wa Mbinga ilibidi kutafutwa shitaka la kifo, chama kizima kuondolewa kwenye uchaguzi, na Juni 2025 amri ya Mahakama Kuu ikakizuia kwa muda kufanya shughuli za siasa na kutumia mali zake. Ukiitazama vizuri amri hiyo, ni chama kilichopelekwa uhamishoni kikiwa ofisini kwake Mikocheni.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema "angebaki" hawalihesabu: huko nje penyewe pamebomoka. Sisemi kwamba zamani mipaka yetu ilikuwa mitakatifu. Novemba 1983 Tanzania iliwakabidhi kwa Kenya wanajeshi wa jaribio la mapinduzi la 1982 akiwemo Hezekiah Ochuka, aliyenyongwa baadaye, na Kenya nayo ikawarudisha Watanzania waliokuwa wamekimbia kesi ya njama za kumpindua Nyerere. Mwaka 1990 Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mkimbizi Norway, alijikuta mikononi mwa polisi wa Kenya, mwenyewe akisema alitekwa Uganda, na Moi akavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kelele zilizofuata. Basi desturi ipo. Ila ilikuwa inafanywa kwa waasi wenye sare, au mara moja moja kwa fedheha. Sasa imekuwa huduma ya kawaida kati ya majirani, na wanaochukuliwa ni mawakili na watu wenye simu.

Novemba 16, 2024, Besigye alichukuliwa Nairobi alikokwenda kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Karua, na siku nne baadaye akaonekana mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala. Kenya ikasema haihusiki. Januari 12, 2025, Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeishi Kenya kwa sababu za usalama, akatekwa mchana Nairobi na kuachiwa baada ya saa chache. Mei, Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, waliokuja kusikiliza kesi ya Lissu, wakashikiliwa Dar es Salaam. Mmoja akatupwa Ukunda, pwani ya Kenya, mwingine Mutukula, mpakani na Uganda, na wote wawili wakaeleza mateso ambayo siwezi kuyaandika hapa. Oktoba, Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wakapotea Uganda kwa zaidi ya mwezi, na walipoachiwa Museveni akasema hadharani kwamba walikuwa wamewekwa kwenye friji. Friji! Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshindwa kwa miaka mingi kukubaliana juu ya biashara ya mahindi na maziwa, lakini bidhaa hii moja inavuka mpaka bila kibali.

Kwa hiyo kwa Mtanzania wa kawaida anayefikiria kuondoka leo, si mwenye jina kubwa na tiketi ya Brussels, uhamisho una maana ya Nairobi au Kampala, na Nairobi na Kampala ndiyo hizo. John Heche, makamu wa Lissu, alizuiwa hata kuvuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya Oktoba 2025 alipokuwa anakwenda kwenye mazishi ya Raila, na siku chache baadaye akakamatwa. Mlango umekuwa wa kufungia pande zote mbili. Chadema, au chama chochote kitakachobaki na nia ya kushindana, kinapaswa kupanga kana kwamba mwenyekiti anaweza kutoweka asubuhi yoyote na kana kwamba intaneti itazimwa mchana wake: nani anashika rejista ya wanachama, nani anazungumza kwa niaba ya kata, ujumbe unafikaje Namtumbo kwa miguu. Ni mambo ya kuchosha, hayapati mashabiki mtandaoni. Kosa halisi la Chadema ya 2025, ukiniuliza mimi, liko hapo, katika kumtegemeza mwili mmoja uzito wa chama kizima huku kikijua mwili huo umeshapigwa risasi mara moja. Kosa hilo lingekuwepo hata kama mwili wenyewe ungekuwa Tienen.

Mzee wa kijiweni aliuliza Lissu alirudi kufuata nini. Oktoba 2025, Mahakama Kuu Dar es Salaam, kesi ya uhaini ilianza kusikilizwa, na mshtakiwa alikuwa anajitetea mwenyewe baada ya kuachana na mawakili wake, akilalamika kwamba gerezani ananyimwa faragha ya kuonana nao. Shahidi wa kwanza wa Jamhuri alikuwa ofisa wa polisi. Kwa miaka minane jeshi hilo halijamjibu Lissu swali moja tu, la nani alimpiga risasi Area D. Sasa ofisa wake alikuwa kizimbani, ameapa, na aliyesimama mbele yake na makaratasi mkononi, akiuliza swali baada ya swali siku baada ya siku, ni yule yule aliyetakiwa awe maiti, na baadaye awe sura kwenye simu.